Fidla, Makochi na Msiba Usiokuwepo

Jamani, mie ndiye mtu pekee Mtoni nzima aliyefiwa bila mtu kufa. Mkitaka kucheka chekeni tu, mtaani wenzenu wameshacheka mpaka wakachoka, na hata watoto wa shule wakinipita asubuhi wananiambia "pole sana kaka" halafu wanatimua mbio. Aibu nimeizoea. Kilichonishinda kuzoea ni hicho kingine nitakachowaambia, kwa hiyo vumilieni nianze mwanzo.

Tatizo langu ni fidla. Si ile ya taarabu, hiyo ningekuwa na wenzangu wa kusikiliza nao, bali zile konseto za Wazungu wa zamani, mtu mmoja anasimama mbele na fidla yake, okestra nzima iko nyuma, anaibembeleza, anagombana nayo, anaachwa peke yake analia, halafu wote wanamrudia kwa kishindo mpaka unasahau kama umekula. Rekodi hizo alinipa kwenye flashi jamaa mmoja niliyekuwa nafanya naye kazi ofisi ya kutoa mizigo bandarini, akasema, "Sikiliza hii, braza, ukiichoka unirudishie," na mpaka leo hajarudishiwa. Nikafika mahali konseto moja ninazo rekodi zake tatu, za wapigaji tofauti, naweza kumaliza Jumapili nzima nazilinganisha, huyu ana haraka, huyu anavuta, huyu wa rekodi ya zamani pumzi yake inasikika kabla hajaanza (ndiyo, sijaoa, na nyie sababu mnaijua). Nasikilizaga kwa hedifoni, maana mtaa wetu ni wa singeli, na siku nilipojaribu kufungulia kidogo tu, jirani yangu Mama Zuhura aliniuliza dirishani kama kuna mtu ananoa visu.

Sasa, mama yangu naishi naye. Alikuwa amelazwa kwa presha, na daktari akatuita mie na Dada Agnes, dada yangu mkubwa anayekaa Tegeta, akatuambia mama akitoka asishtuliwe kwa lolote, asipewe habari mbaya ghafla, aishi kwa utulivu. Neno hilo nililishika. Nikawazungukia hadi majirani kuwaomba wapunguze muziki, wote wakakubali, kwa hiyo mtaa mzima ulijua mama yangu ni mgonjwa na hali yake si ya kuchezea.

Jumamosi akaruhusiwa. Dada ana kigari chake, akasema yeye atakwenda kumchukua, mie nibaki nifanye usafi, "na usafi wa kweli, Festo, si ule wako wa kufagia katikati ya chumba." Nikaona nimeaibishwa, nikaamka na ari, nikatoa makochi yote nje, nikayapanga barazani, nikatoa na meza na kapeti, nikapiga deki sebule mpaka sakafu ikang'aa. Kilichobaki mle ndani ni sabufa kwenye kona na mkeka niliotandika ili nipumzike sakafu ikikauka.

Mnajua kwetu makochi yakitoka nje asubuhi maana yake ni nini. Na mie najua, nimeyabeba kwenye misiba ya watu tangu nina nguvu za kubeba, sebule inaachwa tupu, inatandikwa mikeka, wafiwa wanakaa chini. Ila siku hiyo kichwani mwangu kulikuwa na deki tu. Nikapiga chafya, ile chafya ikazunguka chumba kizima ikarudi, nikapiga makofi, nayo yakarudi, mwangwi mtamu kabisa, nikajiambia, Festo, umepata ukumbi! Makochi yakirudi, ukumbi umekwisha. Weka ile sehemu ya pili tu, ya polepole, kisha urudishe vitu.

Huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo hivyo. Nikaunganisha simu kwenye sabufa, nikafungulia kwa sauti, nikakaa mkekani nimeegemea ukuta.

Sijui niwaelezeje. Ile fidla ilikuja kana kwamba yule mtu yuko humo chumbani, anasimulia jambo ambalo hawezi kulimaliza, kila akikaribia mwisho anarudi nyuma, na mie nilikuwa nimelala hospitalini kwenye benchi siku nyingi bila kutoa chozi hata moja (wakati Dada analia, nani angeshika mifuko ya dawa?), basi yote yakaniteremka pale pale. Nililia kwa kwikwi, makamasi na kila kitu. Mama Zuhura akatokea mlangoni, nadhani alikuwa anakuja kuuliza mgonjwa atafika saa ngapi, akaangalia makochi barazani, akaangalia mkeka, akaniangalia mie, na mie kwa vile kipande kilikuwa kinakaribia pale pazuri kuliko pote, nikampungia mkono kwamba aniache kwanza, siwezi kuongea.

Akashika kichwa kwa mikono miwili. "Uwiii! Mama Agnes jamani!"

Mie nikadhani amekanyaga maji ya deki.

Kipande kilipokwisha na nikainua uso, sebule ilikuwa imejaa wanawake wamejifunga khanga, wanalia, na aliyekuwa karibu yangu ananipangusa uso kwa upindo wa khanga yake. Nikasema, "Jamani, kuna nini? Mama hajafa." Wakalia zaidi. Nikasimama nikasema kwa sauti, "Mama mzima! Yuko njiani anakuja!" Mwanamke mmoja akamwambia mwenzake, "Masikini, bado hajakubali." Wakaja wanaume wawili wakanishika mikono huku na huku, wananiambia kaza moyo, wewe ndiye mwanaume wa nyumba, na kadiri nilivyojitikisa ndivyo walivyozidi kunibana, wakanipeleka chumbani wakanilaza kitandani kwa nguvu. Simu yangu Mama Zuhura aliichukua, alizima fidla, akasema ataishika yeye ili mfiwa asisumbuliwe. Nje nikasikia vyuma vya turubai vinagongana.

Akaja Mzee Kapinga, mjumbe wetu, mtu wa Songea, mpole, nikajua nimepona. Nikamsalimia nikiwa nimelala hivyo hivyo, "Shikamoo mzee, nakuomba unisikilize, mama hajafa."

"Marahaba, mwanangu. Pole."

"Mzee, nilikuwa nasikiliza muziki."

Akakaa kitandani, akanishika goti. "Festo. Kama mama hajafa, makochi yanafanya nini nje?"

"Nilikuwa napiga deki."

"Na kulia?"

Nikafungua mdomo. Nyie hebu jaribuni, mwelezeni mzee wa watu kwamba mmelia kwa sababu ya Mzungu mmoja na fidla yake. Nilimweleza, yote, mpaka habari ya mwangwi, akanisikiliza hadi mwisho, ndipo akatoka pole pole akawaambia wale wanaume waniachie, uso wake umebadilika. Nadhani kilichomfanya aniamini ni kwamba hakuna mwendawazimu angeweza kutunga kitu cha kijinga namna ile.

Nikakimbilia nje kuitafuta simu. Mama Zuhura alikuwa kwenye mafiga, anasimamia sufuria kubwa la maji. Nikamwambia mama mzima, hakuna msiba, nipe simu. Akaniangalia, kisha akamwangalia Mzee Kapinga aliyekuwa nyuma yangu, Mzee akaitikia kwa kichwa. Yule mama akatoa simu kwenye upindo wa khanga.

"Festo mwanangu," akasema. "Agnes alipiga."

"Ukamwambiaje?"

"Si nilijua yuko kwake Tegeta, hana habari? Habari kama ile haisemwi kwenye simu. Nikamwambia njoo tu nyumbani, mwanangu, usiulize, jikaze. Akauliza, Festo yuko wapi? Nikamwambia Festo hawezi kuongea, amelazwa ndani, wanaume wako naye."

Nikamnyang'anya simu. Dada akiwa anaendesha huwa anaweka simu kwenye spika, na mama anakaa kiti cha nyuma yake. Yaani mama yangu, aliyeambiwa asishtuliwe, amesikia kilio cha nyumbani kwake mwenyewe nyuma ya sauti ya jirani, na jina lililotajwa ni langu.

Nikapiga. Inaita, haipokelewi. Nikapiga tena na tena, inaita tu, baadaye Dada aliniambia ilianguka chini ya kiti, na kwa mwendo aliokuwa nao hakuweza kuinama. Nikapaza sauti, "Toeni turubai! Toeni!" na watu wakasimama wananitazama, wengine wameshaanza kununa, mwingine anauliza na mchele ulioloweshwa je, nikapanda mwenyewe kwenye kiti nikaanza kulegeza kamba, Mzee Kapinga akashika upande wa pili. Upande mmoja ulikuwa umeshuka, mwingine uko juu, wakati gari lilipofunga breki mlangoni.

Mama alishuka kabla halijasimama vizuri. Peku. Mama yangu ambaye haendi hata dukani bila kujitazama kwenye kioo alishuka peku, khanga imebaki kwenye gari, anaita, "Festo! Festo wangu! Mwanangu, ungenisubiri!" na wale wanawake wakampisha njia. Nikaruka kutoka kwenye kiti, kamba mkononi, nikasema, "Mama, niko hapa."

Aliniona. Hilo nina uhakika nalo, macho yetu yalikutana, na uso wake ukaanza kufunguka kama wa mtu anayetaka kucheka. Halafu mdomo ukaenda upande, akakaa chini kwenye mchanga, taratibu kabisa, bila neno.

Tulirudi wodini na gari lile lile. Daktari hakutugombeza, ingekuwa heri angetugombeza. Mtaani nako kulikuwa na maneno yake, wapo walioapa kwamba siku Festo akifiwa kweli watataka kumwona maiti kwanza ndipo watoe viti, na Mama Zuhura alikuja hospitalini mara kadhaa akakaa kwenye benchi lile lile nililolala mie, analia, ananiomba msamaha, namwomba msamaha, hakuna anayejua nani amsamehe mwenzake. Dada hakunisemesha.

Mama alianza kuongea tena, kwa shida, neno moja moja. Alipopata nguvu, kitu cha kwanza alichoniomba kilikuwa hicho.

"Hebu nisikie," akasema. "Kilichokuliza."

Sikutaka. Akanyoosha mkono wa kulia, ule wa kushoto ulikuwa hauinuki vizuri, ukabaki hewani mpaka nikatoa simu. Nikamvalisha hedifoni, nikaweka sehemu ya pili, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda nikiangalia ukutani, maana kumtazama usoni sikuweza. Alisikiliza yote. Ilipokwisha aliniashiria nimvue, akayakusanya maneno.

"Anajua kulia huyu," akasema. "Lakini mie kwenye gari nililia kuliko yeye. Na hakuna aliyenirekodi."



Yuko nyumbani sasa. Mkono wa kushoto umegoma, kikombe cha chai anakishika nikiwa nimeweka wangu chini yake. Makochi yangu hayatoki tena nje, nimeapa, nikipiga deki nainua upande mmoja nasukuma tambara kwa mguu, na chini katikati pamebaki uchafu ambao Dada akija anauona ila hausemi. Fidla bado nasikiliza, sitawadanganya, nilijaribu kuiacha sikuweza. Ila ile sehemu ya pili siimalizi. Ikifika pale pazuri, pale nilipompungia Mama Zuhura mkono, siisikii tena fidla, nasikia gari linafunga breki na mtu ananiita jina langu. Naizima, navua hedifoni, naenda kumshikia mama kikombe.