Pembea Iliyojua Majina ya Watu

Kilonzo alikaa Ruiru, hatua mia tatu tu kutoka kwenye pembea ya injini, lakini kila Jumapili baada ya kanisa alipanda baiskeli akaenda hadi Thika kutafuta pembea ya kusukumwa kwa mkono, gurudumu kubwa la mbao lenye masanduku ya kukalia. Mwaka huo wa 1958 kila uwanja wa pembea ulikuwa na watu wake, na watu wa Ruiru walimwona Kilonzo kama mtu aliyepigwa na jua.

"Wewe Kilonzo," Kagwe kinyozi alimwambia, wembe ukiwa shingoni mwake, mahali pabaya pa kubishania, "hapa kwetu iko farasi ya mbao ya rangi, iko gramafoni. Hiyo ya Thika ni masanduku nne na misumari. Siku moja itakumwaga!"

"Wacha inimwage," Kilonzo akajibu bila kutikisa kichwa.

Masanduku kweli yalikuwa manne, na moja mlango wake ulikuwa kamba. Mvua ikinyesha, mbao zilivimba, gurudumu likakwama, na aliyekuwa juu akabaki hukohuko. Kilonzo aliwahi kukaa juu saa nzima, akala muwa wake wote, na bado alishuka akiisifu.

Sababu hakumwambia kinyozi, maana aliona haya. Katika shamba la kahawa alikofanya kazi, hakuna aliyemwita kwa jina. Nyapara aliita namba yake ya kazi, "Kumi na Saba!" naye akaitika. Hata wenzake wa kambini walimwita Kumi na Saba wakimpakulia ugali. Lakini Thika, kabla hujapanda, msukumaji aliyeitwa Boaz, Mluhya mwenye mabega mapana, alikuuliza jina lako na la mama yako. Kisha akasukuma huku akiimba, na sauti yake ikafika sokoni: "Shika sana, Kilonzo, mwana wa Syokau, juu kuna upepo!" Hapo Kilonzo alijisikia mtu mwenye kwao, na akashika sana.

Jumapili moja alimkuta Boaz amekaa kando ya gurudumu, uso umemshuka.

"Leo ni mwisho," Boaz alisema. "Jumapili ingine ni injini. Mimi nimepewa ufagio."

Kilonzo alimfuata mwenye uwanja, kofia mkononi. "Mzee, hiyo injini itajua jina ya mama yangu?"

"Injini haijui mama ya mtu, na haiombi chai," mzee alisema. "Watu wote wamekimbilia Ruiru. Nimebaki na wewe na baiskeli yako."

Ilikuwa kweli, ndiyo maana ilimuuma zaidi. Alirudi akaenda kupanda mara ya mwisho, mguu mmoja tayari ndani ya sanduku, ndipo akauliza jambo ambalo hakuwahi kuliuliza. "Boaz, wewe umepanda hii kitu mara ngapi?"

"Mimi? Nani angenisukuma?"

Kilonzo akautoa mguu. "Ingia."

Boaz alikataa, akasema ana uzito, akasema kamba ni mbovu, na aliyeifunga ni yeye mwenyewe. Akasukumwa ndani hata hivyo. Kilonzo akashika mti wa kusukumia gurudumu, akakuta ni mzito kuliko mashine yoyote ya kahawa. Akaimba. Sauti yake ilikuwa mbaya kiasi kwamba mbuzi waliokuwa karibu waliondoka. "Shika sana, Boaz, mwana wa..." Akakwama. Miaka mitatu amesukumwa naye, na hakuwahi kuuliza.

"Mama yako nani?" alipaza sauti.

Gurudumu lilikuwa limempeleka Boaz juu kabisa. Sauti ikatoka huko, nyembamba kuliko mabega yake. "Nakhumicha!"

"Mwana wa Nakhumicha!" Kilonzo aliimba, na wauza ndizi wakaitikia. Boaz alishuka amelowa uso, akadai ni upepo.

Jumapili iliyofuata Kilonzo alikwenda tena, ingawa Kagwe alimwambia sasa pembea zote ni moja, akae tu nyumbani. Injini ilinguruma asisikie hata alichowaza. Lakini kila sanduku lake lilipofika chini, alimwona Boaz amesimama na ufagio, mdomo ukifunguka na kufungika. Maneno aliyajua. Akashika sana.