Uso wa Mnunuzi wa Korosho

Zamani bei ya korosho ilitangazwa redioni, ikawa moja kwa kila mtu, uipende usiipende. Likaja soko huria, bei ikahamia kwenye simu ya Zaidi, mnunuzi kutoka Kibiti.

Pale kijijini Mtunda simu ilishika mtandao mahali pamoja tu, juu ya kichuguu nyuma ya shamba la Bi Mwajabu. Zaidi alipanda, akanong'ona na matajiri wake wa Dar es Salaam, akashuka. Bi Mwajabu hakuwa na simu, ila macho alikuwa nayo. Misimu miwili aliusoma uso ule. Zaidi akishuka amenuna, bei imeanguka, auze upesi kabla haijazidi kuanguka. Akishuka anachekacheka, imepanda. Hapo mama wa watu aliyakalia magunia yake mpaka mwanamume aongeze.

Msimu huu Zaidi alishuka amekunja uso kama aliyefiwa.

"Mama, hali mbaya huko."

Bi Mwajabu alikuwa ameokota korosho tangu alfajiri, mgongo unamuuma. Hakubisha. Akauza zote.

Alasiri shoga yake Habiba akarudi kutoka Kibiti na habari: bei haijawahi kupanda namna ile.

Bi Mwajabu alikaa chini, miguu kainyoosha, hata hasira hana nguvu nayo. Akakumbuka msimu uliopita, siku aliyomshinda Zaidi, alivyomtania kwa raha zake: "Mwanangu, wewe uso wako haujui kusema uongo."

Kumbe alikuwa anamfundisha.