Mwenye Nyumba Hakai Hapa

Wapangaji wote watatu waliamini kwamba Mzee Brashi ni mlinzi tu. Alifagia ua kabla hawajaamka, alijua namna ya kulikaza bomba lisivuje, alikusanya kodi kila mwisho wa mwezi. Mtu akimlalamikia kitasa au bati lililotoboka, jibu lake lilikuwa lilelile: "Nitamwambia mwenye nyumba." Na kweli, baada ya siku mbili tatu kitasa kilitengenezwa. Ajabu ni kwamba huyo mwenye nyumba hakuna aliyewahi kumwona hata kisogo.

Wangemwona wapi, na mwenye nyumba alikuwa Mzee Brashi mwenyewe?

Kazi yake ilikuwa kupaka rangi, na jina alilipatia huko. Ujana wake wote aliumaliza juu ya ngazi, akipendezesha nyumba za watu kisha akirudi kwenye chumba cha kupanga. Siku moja, akiwa kazini, alisikia habari za kipande cha ardhi kilichokosa mnunuzi. Kilikuwa na kona tatu, kipana upande wa barabara na chembamba huko nyuma, maana wapimaji walipokata viwanja vya jirani hicho kilibaki kama kitambaa anachokitupa mshonaji. Wenye fedha walikwenda, wakakitazama, wakacheka. Yeye na mkewe hawakuwa na fedha za kuchekea kitu. Walikubaliana na mjane aliyekimiliki, wakamlipa kidogo kidogo, na malipo ya mwisho yalitoka kwenye cherehani ya mke, aliyoiuza bila kuambiwa.

Kujenga nyumba hawakuweza, ila chumba kimoja waliweza. Walikisimamisha upande ule mpana, wakahamia humo kabla hakijapigwa plasta. Kilipokwisha, kikapakwa masalio ya rangi kutoka kazini, kuta mbili maziwa na mbili kijani, mume akasema, "Hiki tukipangishe kitujengee cha pili. Cha pili ndicho chetu."

Mke akakubali. Wakalala kwenye cha pili, dirisha likiwa tundu lililozibwa gunia. Kilipokwisha kilipendeza mno, na mume akaona ni hasara kikikaliwa na watu wasiolipa. "Cha tatu ndicho chetu," alisema.

Uongo wenyewe ulianza na mpangaji wa kwanza, aliyekuja kuomba asogezewe kodi huku machozi yakimtoka. Brashi hakuwa na moyo wa kukataa, wala uwezo wa kukubali, kwa hiyo akasema nyumba si yake, yeye ni mtu wa kutumwa. Jioni mkewe alicheka mpaka akashika mbavu.

"Na huyo mwenye nyumba wako ana mke?" aliuliza. "Mwambie basi mkewe anataka dirisha."

Kwenye cha tatu mke hakucheka tena. Mvua zilipoanza kuingia alifunga begi lake, akachukua na sufuria moja. Hawakugombana. "Ukimaliza chetu, nipigie," alisema tu, akaenda zake mji mwingine. Cha tatu kilikwisha, kikapangishwa. Brashi hakupiga simu. Angesema nini?

Miaka ikapita, naye akawa analala kwenye cha nne, kule pembeni kabisa, ambako kitanda kikiingia mtu anapita ubavu. Kila alipopata fedha za plasta, choo kiliziba au bati likaondoka na upepo, fedha zikaenda huko.

Kilichomshikilia kwenye ule uongo ni benchi. Jioni wapangaji walikaa nje ya chumba cha kwanza: msusi aliyekipanga, dereva wa lori, na fundi viatu ambaye kusema kwake kulikuwa kwa nadra. Brashi alikuwa na nafasi yake mwishoni mwa benchi, na mada waliyoipenda ilikuwa mwenye nyumba.

"Huyo bwana," dereva alikuwa akisema, "tumbo lake lazima litangulie kuingia mlangoni, yeye afuate kesho."

"Sasa hivi yuko mahali anachokonoa meno na kodi yangu," msusi akadakia. "Eti Mzee Brashi, ni mnene?"

"Wa kawaida tu, mwanangu."

"Wewe nawe! Unamwogopa hadi hapa?"

Walicheka, naye akacheka nao. Katika kazi yake alikuwa ameona mara nyingi jinsi sauti zinavyoshuka mwenye nyumba anapoingia sebuleni, na watu wanavyokumbuka ghafla kwamba wana shughuli. Alijua siku wakijua ukweli watamwamkia kwa heshima zote na benchi litabaki tupu. Na zaidi ya benchi lile hakuwa na mahali pengine pa kukaa na watu.

Msimu mmoja wa mvua kikohozi kikamlaza. Msusi akampelekea chai, na hapo ndipo mtu wa kwanza alipoingia kwenye chumba cha nne. Aliyaona matofali yalivyo wazi, akaliona gunia dirishani likitiririka maji hadi miguuni pa kitanda. Alitoka amefura.

Jumapili wote watatu walimsubiri kwenye benchi.

"Mwezi huu hatulipi," msusi alisema.

Brashi alishtuka. "Mna shida gani?"

"Shida ni wewe, mzee wangu. Unamlindia mtu mali yake miaka yote hii halafu anakulaza kama mbuzi? Hapana. Hatutoi hata senti mpaka chumba chako kipigwe plasta na kiwekwe dirisha."

"Nitamwambia mwenye nyumba."

"Utamwambia sasa hivi," dereva alisema. "Piga simu hapa hapa, weka sauti kubwa tusikie wote. Akileta ukali nipe mimi."

Hata fundi viatu alisogea. Brashi alitoa simu. Namba za mafundi wenzake zilikuwamo, lakini hao wangemwumbua kwa neno la kwanza tu. Akaipiga ile aliyokuwa akiitazama kwa miaka bila kuibonyeza.

"Haloo?" Sauti ya mkewe ilikuwa nzito kidogo kuliko alivyoikumbuka.

"Shikamoo, mwenye nyumba," alisema Brashi.

Dereva akaanza kukunja mikono ya shati.

"Marahaba," ilijibu simu.

"Kumbe mama!" msusi alinong'ona.

"Niko na wapangaji hapa. Wanasema chumba changu… kile cha mwisho… hakina plasta. Wala dirisha."

"Mpaka leo?"

"Mpaka leo."

"Na mzee anakohoa, mama!" msusi alipaza sauti. "Muonee huruma!"

"Kipigeni plasta," mkewe alisema taratibu. "Fedha zitoke kwenye kodi ya mwezi huu. Na dirisha liwe la kioo. Mtu asilale bila dirisha." Simu ikakatwa.

Benchi lililipuka kwa vigelegele na makofi. Dereva alileta mchanga kwa lori la tajiri wake, fundi viatu akakoroga saruji bila kuombwa, msusi akachagua rangi. Kwa mara ya kwanza maishani Brashi alijinunulia ndoo nzima, kuta zote nne zikawa za rangi moja.

Rangi ilipokauka, alasiri moja, alikaa kitandani akapiga simu. Safari hii hakuweka sauti kubwa.

"Kimekwisha," alisema.

"Dirisha linatazama wapi?"

"Ukuta wa jirani."

Alimsikia akicheka kidogo, halafu akaacha. "Na kiwanja je?"

"Kimekwisha pia. Hakuna cha tano. Hiki ndicho chetu."

"Mimi," mkewe alisema, "ningekaa hata kwenye kile cha kwanza."

Brashi alipitisha kiganja kwenye ukuta mpya, mkewe akaendelea.

"Nina chumba huku. Cha kupanga, lakini nimekizoea, na asubuhi jua linaingia. Kaa vizuri humo. Na hicho kikohozi ukitibu."

Alibaki ameshika simu mpaka kioo chake kikazimika. Halafu akatoka, maana aliwasikia wenzake wameshakaa. Dereva alisogea, akampa nafasi yake.

"Umempigia mama kumshukuru?" msusi aliuliza.

"Nimempigia."

"Anasemaje? Haji hata siku moja kuiona nyumba yake?"

"Amesema haji."

"Afadhali!" msusi alisema, akipiga paja. "Akija tu atapandisha kodi."

Wote wakacheka, naye Mzee Brashi akacheka nao.