Ziwa Upande wa Chini

Mchezo wetu wa ramani unahitaji watu wanne mezani, na mimi nilikuwa peke yangu. Nilipokuwa nachora ramani yake, nilijaribu kila badiliko kwa kucheza nafasi zote nne. Nilikaa upande wa dirisha nikasogeza mizigo ya bluu, kisha nikainuka nikaenda upande wa mlango kusogeza ya njano. Kiti kilikuwa kimoja, kwa hiyo nilizunguka nacho. Ubaya wa kucheza hivyo ni kwamba hakuna anayekushtua. Nilijua wa njano anapanga nini kabla sijaketi mahali pake.

Tuliubuni wawili, mimi na rafiki yangu niliyesoma naye hapa Bukavu. Yeye alitunga sheria, mimi nikachora. Tulikubaliana mapema kwamba hautakuwa na askari. Kila mchezaji ana wabebaji wake, anawania vilima na njia ili ateremshe maharagi na unga wa muhogo hadi bandari za ziwani, huku akiwazibia wenzake. Nchi yenyewe ni ya kubuni, ingawa mtu wa hapa akiitazama atatambua vilima vyetu. Vita vilipokaribia na watu wengi wakaanza kuondoka mjini, rafiki yangu naye alivuka mto Ruzizi na mfuko wake wa nguo. Sasa yuko Kampala, ana kazi. Mimi nilibaki hapa Bukavu, mtaa wa Bagira, katika chumba cha kupanga, na ramani kwenye kompyuta.

Mara ya mwisho tulipozungumza kwa urefu aliniambia amechoka. Kama watu wasioujua mchezo wangeweza kuucheza mwanzo hadi mwisho, wakiwa na ramani na ukurasa wa sheria tu, mimi nikiwa kimya, yeye angetafuta mchapaji huko. Kama wasingeweza, basi tuuache, kila mtu aendelee na maisha yake. Nilikubali. Lakini tangu aondoke hatukuwa tukiongea jambo lingine, na sikujua mchezo ukifa tutaongea nini.

Ramani ya kwanza ilikuwa nzuri mno. Nilichora migomba shamba kwa shamba, mawimbi, hata moshi wa tanuri za matofali. Nikaifungua ijaze skrini, nikasimama mlangoni, nikafumba macho nusu. Nikaona migomba na moshi, njia sikuziona. Nikaanza kufuta. Majina ya vilima, niliyokuwa nimeyapinda yafuate mabonde, nikayanyoosha. Kisha nikaigeuza picha yote iwe ya rangi ya majivu, nione kama rangi zinatofautiana kwa mtu anayecheza kwenye mwanga hafifu. Ziwa na milima vikawa kitu kimoja. Nikalififisha ziwa, nikaipa milima rangi ya udongo, na njia nikazikoleza kuliko mipaka. Ilikuwa kazi ya kuondoa, na kila nilichoondoa nilitamani mtu wa kuniuliza kwa nini.

Kwa kuchapa nilishuka mtaa wa Nyawera. Mwenye mashine alitoa karatasi vipande vipande, akaviunganisha, akaniuliza ni ramani ya territoire gani, yaani wilaya gani. Nikamwambia nchi hiyo haipo. Akanitazama, akatazama vilima, akauliza kama aitie plastiki juu.

Wachezaji niliwapata uani kwetu, Jumapili baada ya misa: maman mwenye nyumba, mdogo wake ambaye ni mshonaji, papa jirani aliyefundisha jeografia hadi akastaafu, na mke wake. Niliwapa karatasi, nikawaeleza kwamba mimi sisemi neno, nikakaa pembeni.

Sheria moja ndiyo inayobeba mchezo wote: mzigo unaoshuka unalipa hatua moja, unaopanda unalipa mbili. Nilikuwa nimeweka kaskazini juu, kama ramani zote za shule, na kwa kuwa ziwa letu liko kaskazini, ziwa likakaa juu ya karatasi. Wakaanza kucheza. Kila mmoja aliyepeleka mzigo bandarini alisogeza mkono juu ya karatasi, na akalipa hatua mbili, kana kwamba anapanda mlima. Hakuna aliyeshangaa. Walicheza polepole, wakilalamika kwamba njia ni ndefu. Nami nililazimika kunyamaza.

Mwishowe maman mwenye nyumba aliweka mzigo wake chini, akaitazama ramani vizuri.

“Mademoiselle, ziwa umeiweka juu ya milima. Maji itatumwangikia.”

Wakacheka. Papa jirani hakucheka. Alishika pembe za karatasi akaigeuza yote, ziwa likawa upande wa chini, kisha akaendelea na zamu yake kama mtu aliyenyoosha kitambaa cha meza. Mke wake akamrukia palepale.

“Si wewe ulifundishaka watoto nord iko juu?”

“Iko juu ku école,” alijibu. “Hapa niko nashusha maharagi.”

Baada ya hapo hatua zilihesabiwa sawasawa. Ila sasa majina yote yalikuwa kichwa chini, nao walikuwa wamepinda shingo kama kuku anayesikiliza. Mshonaji akanionyesha kilima kwa kidole, akauliza hicho kinaitwaje. Nikamwambia. Kwa kumjibu nilikuwa nimesema, na jaribio likawa limeharibika.

Usiku ule na siku zilizofuata nilifikiri jambo ambalo nilipaswa kuliona mwanzoni. Mjini kwetu hatuelekezani kwa kaskazini wala kusini. Tunasema panda, tunasema shuka, na anayekwenda ziwani anashuka, popote alipo. Sijawahi kusikia mtu akisema anapanda ziwani. Mimi mwenyewe nashuka kila siku, na bado nilichora nilivyofundishwa darasani.

Nilimtumia rafiki yangu ujumbe mrefu wa sauti. Nilimweleza kila kitu, nikamwambia nataka kugeuza ramani, ziwa likae chini, kaskazini pia. Nilitegemea ugomvi. Zamani tuligombania rangi ya njia mchana kutwa, chai ikapoa, tukaondoka tumenuniana, na kesho yake mmoja wetu akaja na rangi ya tatu. Safari hii nilikuwa nimeandaa hoja zangu kwa mpangilio. Jibu lilichukua siku kadhaa, nalo lilikuwa fupi, na nyuma yake nilisikia watu wakiongea mahali nisipopajua.

“Fanya vile unaona. Ni wewe uko huko.”

Nililisikiliza tena na tena, nikitafuta kama amekasirika. Hakuwa amekasirika.

Nikadhani kugeuza ni kazi ndogo. Nilizungusha picha, nikanyoosha majina, nikaona milima yote imekuwa mashimo. Vivuli nilikuwa nimevichora kwa mwanga unaotoka juu kushoto; baada ya kugeuza, mwanga ukawa unatoka chini, na jicho halikubali hivyo. Kila kilima kilizama kama tundu la mchanga. Nikavifuta vivuli vyote, nikavichora upya kilima kwa kilima, kila umeme uliporudi. Sikumwambia. Angesema nifanye vile naona.

Jumapili nyingine nikawarudishia ramani mpya. Nilisimama karibu na meza, majibu yote yakiwa tayari mdomoni, endapo mtu angeuliza na kuniangusha. Mke wa papa jirani alifika kwenye njia kuu kabla ya wengine, akaifunga kwa wabebaji wake. Mshonaji aliposimama mbele yake na unga, mama yule akanyoosha kiganja kama mtoza ushuru kwenye kizuizi cha barabarani.

“Lipia barrière, mama.”

“Barrière hata mu mchezo?” mshonaji aliuliza, akatafuta njia ya pili, akaipata kwa kidole bila kusita. Alisoma jina la kilima kwa sauti, akashuka. Maman mwenye nyumba alimtania papa kwamba maharagi yake yataota njiani. Papa alikuwa anahesabu.

Walifika katikati, wakavuka katikati. Hakuna aliyeniuliza kitu. Niliona mahali ambapo mtu angeweza kukwama, nikasubiri, naye akapita. Ramani ilikuwa inawajibu kabla yangu.

“Mademoiselle, sogea kidogo,” maman mwenye nyumba alisema bila kuinua uso. “Uko unatuzibia mwangaza.”

Nikasogea hadi mlangoni. Kutoka hapo nilipiga picha: migongo minne, ramani haionekani. Nikaituma Kampala, nikaandika kwamba wanacheza na sijasema neno. Safari hii alijibu upesi kuliko siku zote. Imewezekana, aliandika, anampigia mchapaji kesho, nimtumie faili.

Nikaingia chumbani nikaituma. Ilikuwa nzito, mtandao ulikuwa dhaifu, nikakaa kwenye kiti nikiitazama inavyokwenda kidogokidogo. Uani walikuwa wamemaliza na wanagombania rangi za mchezo wa pili.