Siku mama alipopiga hesabu ya umri wa mchawi wa baba

Wakuu, heshima zenu wote. Hii nawapa kama ilivyokuwa, chumvi sijaongeza. Sijui hata kwa nini nimekaa nayo miaka yote hii.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini tuliishi Shauri Moyo, Nairobi, chumba kimoja, watoto watatu. Baba alikuwa wa kiwandani, mama aliuza mitumba sokoni Gikomba. Kwetu ni Bungoma.

Mzee alikuwa na kipaji, lazima niseme ukweli.

Kila Jumapili tukishatoka kanisani na kula, alitutungia hadithi ya ufalme ulio chini ya ziwa. Fantasy kamili! Mbuzi wanaongea, watu wanapumua majini, na mfalme anataka kumwoa msichana mrembo wa kisimani, jina lake Yungu.

Kulikuwa na adui mdogo tu, mchawi aitwaye Kisunzi, mpishi wa mfalme. Kazi yake ilikuwa kununa na kumtilia Yungu majivu kwenye uji. Baba alimwita ajuza, na akiigiza sauti yake tulivunjika mbavu.

Jumapili moja dadangu akauliza, "Baba, Kisunzi yuko na miaka ngapi?"

"Huyo? Mzee sana. Mia na kitu."

Mama alikuwa anakunja nguo za kuuza. Hakuinua kichwa.

"Haiwezi, Baba Wafula. Si ulisema kijana wake wa kwanza ametahiriwa juzi tu, msimu uliopita?"

Niwaeleze wasiojua. Kwetu vijana hutahiriwa Agosti, mwaka mmoja ndiyo, unaofuata hakuna. Ukiambiwa mtoto wa mtu aliingia msimu gani, umri wake umeujua, na wa mamake uko karibu. Baba hata chini ya ziwa aliwatahiri watu wake hivyo hivyo. Angewatahiri vipi tena? Ndivyo alivyojua.

Mama akaendelea, "Kijana wa juzi yuko na kama kumi na tano. Na ulisema huko wasichana wanaolewa wakiwa na kumi na saba. Huyo ajuza wako yuko na thelathini na tatu."

Tukacheka. Halafu mimi nikairudia hesabu hiyo kichwani.

Wakuu, kwetu nyumbani kijana wa kwanza, aliyetahiriwa msimu uliopita, nilikuwa mimi, huyo Wafula. Na mama alikuwa na miaka thelathini na tatu.

Nikamtazama mama, nikaona naye ameshafika hapo hapo nilipofika. Baba peke yake ndiye alikuwa bado anatabasamu.

"Na Yungu?" mama akauliza, kwa upole kabisa. "Yeye yuko na ngapi?"

"Ishirini na moja," baba akajibu bila kufikiri. "Anafikisha ishirini na mbili mwezi ujao."

Jamani! Mtu wa hadithi ana birthday ya mwezi ujao?

Dadangu, ambaye hakuwa ameelewa, akamvuta baba shati aendelee.

"Anakaa wapi?" mama akauliza.

"Makadara," baba akasema. Mtaa wa Nairobi hapo hapo, si chini ya ziwa.

Kesho yake mama na sisi watoto tulikuwa kwenye basi la Bungoma, kwa wazazi wa mama. Niliogopa kwamba hatutakuwa na nyumba tena.

Baba alichelewa, lakini alikuja, na wazee wawili wa ukoo wake. Babu, mzazi wa mama, alimwacha amalize salamu zote, kisha akamuuliza swali moja tu.

"Huyo msichana yuko na miaka ngapi?"

Baba akavua kofia, akajibu.

"Sijui tena, mzee. Makadara siendi."

Babu akamwita mama aje asikie mwenyewe. Mama akasema, "Rudia."

Na baba akarudia, mbele ya watu wote.

Tulirudi Shauri Moyo. Hadithi za Jumapili ziliisha, na mpaka leo sijui ule ufalme ulifikia wapi.

Nilichojifunza: mtu hutunga ziwa, hutunga mbuzi wa kuongea, lakini ya moyoni hayatungi, yanajitokeza tu. Na ukiwa na mke anayejua hesabu za misimu, heri unyamaze.

Haya, kuna mwenzangu aliyewahi kumsikia mtu wa nyumbani akijitaja bila kujua? Nipeni yenu, na wenye kunikosoa pia karibuni.