Toba ya Mwalimu Lameki

Mwalimu Lameki Karugendo hakuwa mtu wa kujisifu, ila kwenye nyimbo alijiona, na alikuwa na haki. Enzi za Waingereza, walimu wenzake katika shule ya misheni upande wa Kanazi waliwaimbisha watoto wamesimama wima kama nguzo. Yeye aliwatoa uwanjani. Waliimba huku wakijifanya wanapalilia kibanja cha migomba, wanakata mikungu ya ndizi, wanachuma kahawa tawi kwa tawi, na kila ubeti ulikuwa na hatua zake.

Ndivyo alivyomgundua Kokuhirwa, binti wa darasa la pili mwenye kigugumizi kikali. Akiulizwa jina lake tu, alihangaika mpaka machozi yakamtoka. Lakini miguu ikianza kwenda, maneno yalimtoka yamenyooka, ubeti mzima. Lameki akamweka mbele awaongoze wenzake. Baada ya miezi michache alithubutu hata kusoma kwa sauti, akipiga hatua palepale kando ya dawati.

Kisha uamsho ukaingia. Watu walisimama kanisani wakataja dhambi zao mbele ya wote: pombe, hirizi, mahawara. Lameki, maskini, hakuwa na la maana la kutubu. Alijipekua mpaka akapata. Jumapili moja akasimama, akasema ameingiza ngoma ya Shetani kwa watoto wa Mungu. Waumini walimwimbia kwa furaha, wakamkumbatia. Akarudi nyumbani mwepesi.

Jumatatu watoto waliimba wima, mikono imebandikwa mapajani. Kokuhirwa alifungua kinywa, hakikutoka kitu. Akasogeza mguu mmoja. Lameki akamtikisia kichwa, tena kwa upole. Wenzake wakacheka. Wiki haikwisha, mtoto akaacha shule. Lameki alikwenda kwao mara moja, akaambiwa yuko shambani, akaondoka upesi kuliko ilivyompasa.

Ikapita miaka kumi na miwili. Katika miaka yote hiyo, ule upole aliomzuia nao mtoto ndio uliomtesa. Aliposikia kwamba Kokuhirwa ameolewa kijiji cha Kaagya na ana watoto, alifunga safari kwa miguu. Mwanamke alipiga magoti kumsalimu, akamletea kahawa za kutafuna. Lameki akasema amekuja kuomba msamaha: alikosea kumzuia, nyimbo zile hazikuwa na ubaya wowote.

Kokuhirwa alifungua kinywa. Kisha maneno yakaanza kuja, moja moja, kwa shida, na Lameki aliona aibu hata kumtazama.

"Waitu, Mwalimu wangu, siku ile ka... kanisani nilikuwepo. Mimi ndiye niliyekuwa nacheza mbele. Nilijua unanitaja mimi."

Lameki akataka kusema, akainua mkono. Kokuhirwa hakuwa amemaliza.

"Mpaka leo natubu. Na wanangu wakiimba wa... wakicheza, nawachapa."