Jibini ya Kuzuia Kukonda

Nina buchari tatu, mbili Kitale na moja Bungoma, na zote nilizijenga nikiwa nimeishia darasa la nne. Sisemi hivyo nisifiwe. Nasema ili mtu akisikia kwamba mwenye buchari hizo alikaa miaka bila kuweka nyama mdomoni, ajue kwamba haikuwa kwa kukosa.

Niliacha nyama siku tuliyomzika mke wangu, nyumbani upande wa Bungoma, mwanzo wa miaka ya elfu mbili. Fahali nilimchagua mwenyewe. Sikupenda vile vijana walikuwa wanamkatakata kama wanapasua kuni, kwa hivyo nilivua koti nikachukua kisu. Watu walisimama kuangalia, maana mkono wangu ukishika kisu huangaliwa. Baadaye nikaletewa sahani. Kipande cha kwanza nilikitafuna mpaka kikawa kama uzi, nikakitoa polepole, nikakificha chini ya ugali. Sikulia. Walisema huyu ni mwanaume. Mimi nilikuwa nawasikia kama mtu aliyekalia mguu wake mpaka ukafa ganzi: unajua mguu ni wako, lakini hauko.

Mke wangu alikuwa amekonda kwa miezi minane. Hospitali waliandika mapafu. Miaka ile neno mapafu lilikuwa kama pazia, na mimi sikulifunua. Watu nao hawakuniuliza. Waliulizana wenyewe.

Mwenye buchari hawezi kutangaza kwamba hali nyama. Mteja atasema, kumbe ng'ombe zake ziko na nini? Nikasema nina vidonda vya tumbo. Nyumbani kwangu Kitale nilikula maharagwe, mboga za managu, mayai na jibini. Jibini ndiyo iliyochukua nafasi ya nyama. Nilikuwa nimeijua kitambo, nikiosha mikebe ya maziwa kwa shamba la Mzungu mmoja kupita Kachibora, mahali ambapo kazi yangu ya pili ilikuwa kugeuza jibini kwenye rafu zisiote ukungu upande mmoja. Wenzangu walisema inanuka miguu. Mimi nilikula makombo ya pembeni na nikaipenda, na sijui mtu mwingine wa kwetu aliyeipenda kabla yangu. Sasa nilikuwa nanunua nzima, duara kama tairi ya wilbaro, kwenye duka moja ambalo wateja wake walikuwa watu wa misheni na Wazungu wa miradi.

Halafu magoti yakaanza. Daktari alinipima, akakuta kilo mia moja na kumi na nane na presha ya juu. Akasema nipunguze ishirini. Nikatangaza kila mahali kwamba napunguza, maana mimi nikianza jambo huwa silifichi. Nikaacha soda, nikaacha chapati, nikawa natembea kwa miguu mpaka kichinjioni. Na kwa vile sikuamini mizani za madukani, kila Jumatatu nilijipima kwa ile mizani ya kuning'iniza nusu ya ng'ombe. Nilishika ndoano kwa mikono miwili, nikakunja miguu, na mchinjaji wangu akasoma. Aliniambia siku moja kwamba mguu wa mbele ungeuzwa haraka, lakini kiuno kingekaa.

Mwezi wa kwanza zilishuka kilo nne, wa pili tano. Nilikuwa najisifu nazo.

Ikatokea mama mmoja, mteja wangu wa miaka, akasimama kwa dirisha la buchari akinitazama shingo. "Bosi, umekonda bana. Ama nyama imeanza kukula mwenye?" Wenzake walicheka, na mimi nikacheka. Wiki iliyofuata nilimwona akinunua kwa buchari ya mshindani wangu, ng'ambo ya barabara. Hakununua kwangu tena.

Hapo ndipo nilielewa. Kwetu, miaka ile, mwanaume aliyefiwa na mke kwa mapafu hana ruhusa ya kukonda. Watu wanaanza kukuzika kwa mdomo. Lakini hilo la watu ningeliweza, nimewezana na watu tangu nikiwa na suruali moja. Shida ilikuwa Jumatatu, nikiwa nimening'inia pale. Mchinjaji akisema kilo mia moja na tisa, sikujua kama ni miguu yangu imezipunguza, ama zinaondoka zenyewe kama zilivyoondoka za mke wangu.

Kwa hivyo nikaongeza jibini. Kipande asubuhi na chai, kipande saa nne, na ingine niliyeyusha juu ya maharagwe mpaka mafuta yakaelea. Mshale wa mizani ukarudi ulikotoka. Daktari akashangaa. Akauliza kama nakula nyama kisirisiri, nikamwambia hata kuonja, na nilikuwa nasema kweli. Kuhusu jibini hakuuliza. Nani Kitale angeuliza? Nikaishi hivyo karibu miaka miwili, mtu anayejinyima mbele ya watu na kujinenepesha jikoni. Magoti yalikuwa yanauma. Nilishukuru kwa maumivu hayo, kwa sababu yalikuwa ya mtu mnene.

Dada yangu mkubwa alikuja kutoka Bungoma kutibiwa macho, akakaa kwangu wiki moja. Macho yalikuwa mabaya lakini pua ilikuwa nzima. Siku ya pili alifungua friji akakuta duara tatu. Alikata kidogo, akatafuna, akaenda kutema nje. Akarudi akakaa mbele yangu.

"Hii unakula ya nini, na daktari amesema upungue?"

Nikamwambia ni tamu.

"Si tamu. Wewe mtoto wa mama, unaogopa kukonda."

Niliinuka nikafunga friji.

"Unaogopa watu, ama unaogopa ile kitu?"

Nilisema sijui. Ndiyo mara ya kwanza nakumbuka kutamka neno hilo ndani ya nyumba yangu. Dada hakupiga kelele wala hakunihubiria. Alisema, "Vaa viatu."

Kulikuwa na shida moja. Kitale wananijua, Bungoma wananijua. Ndiyo hasara ya kufanikiwa. Tukaenda Kimilili, mahali pa kupima damu bure. Hata hapo, kabla hatujafika mlangoni, kuna mtu alinisalimia akauliza kama naleta buchari huku. Nikamwambia natafuta ploti.

Ndani kulikuwa na msichana wa umri wa binti zangu. Nilianza kumwambia jina langu na buchari zangu, akanikatiza kwa upole akasema hapo hawaandiki majina, wanaandika namba. Alinidunga kidole. Tukingoja, aliniuliza nitafanya nini nikiambiwa ninayo. Nikasema nitafungua buchari ya nne. Hakucheka. Aliniuliza tena swali lile lile, na mara ya pili nikaangalia kidole changu.

Kisha akanionyesha kipimo. Hakuna. Akasema tena, taratibu, kwamba damu yangu haina, na kwamba nirudi baada ya miezi mitatu kuhakikisha, nikarudi na ikawa vile vile. Siku ile ya kwanza aliniuliza najisikiaje. Nilitafuta ndani, sikupata kitu. Nikaomba aniandikie. Akanipa karatasi ndogo yenye namba.

"Jina langu liko wapi?"

"Mzee, si nilikuambia hatuandiki."

Dada alikuwa kwenye benchi nje. Alishika karatasi karibu na macho yake mabovu, akaelewa kwa uso wangu, akalia. Alipomaliza akauliza, "Sasa yeye alikuwa na nini?"

"Mapafu," nikasema.

Huenda ilikuwa kweli. Huenda ilikuwa ile nyingine na mimi nikapona kwa bahati. Msichana alisema damu yangu haiwezi kumsemea mwingine. Ninachojua ni kwamba miezi ile minane uji wake nilikuwa nauweka juu ya kiti, nikirudi nyuma kabla hajaufikia. Kikombe chake nilikinunulia ndoo yake ya kuoshea. Nilisema ni usafi.

Niliacha jibini siku hiyo, na kwa mwaka mmoja nikafika kilo tisini. Magoti yakanyamaza. Wateja walipungua Kitale, wakapungua Bungoma pia, kwa sababu shingo yangu ilikuwa imesema yake na karatasi ya namba huwezi kuibandika buchari. Sikufunga hata moja. Watatu kati ya walionizika kwa mdomo nimeenda kwenye mazishi yao, na nyama ilitoka kwangu.

Mwishowe wamama wa kanisa walikuja nyumbani, wanne, bila kuitwa. Walisema wamekuja kuniombea na kwamba Mungu habagui ugonjwa. Karatasi ilikuwa kwenye mfuko wa shati. Ningeweza kuitoa. Yule mkubwa wao akavuta kiti chake mpaka karibu kabisa, akachukua mkono wangu akaushika kwa mikono yake yote miwili, wazi, bila kuogopa, kama anamshika mtu ambaye kweli ni mgonjwa. Niliwaacha waombe mpaka wakamaliza.